Blogu ya Kwanza Uifungue Wapi? Majibu kwa Wasomaji

Tangu tulipogusia katika safu hii habari za watu wanaoandika mtandaoni kwa Kiswahili, barua nyingi tulizopokea zimerudia swali moja: mtu anayeanza, asiye fundi wa kompyuta wala mwenye fedha za kuchezea, achague jukwaa lipi la blogu? Tumechagua barua saba na kuzifupisha bila kubadili maana. Majina ya waandishi tumeyahifadhi.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Tanga. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiandika kwenye madaftari habari za Pangani na za mashamba ya mkonge, kama nilivyosimuliwa na wazee na kama nilivyoona mwenyewe. Wajukuu wananihimiza nifungue blogu, lakini kila mmoja ananitajia jina lake: huyu Blogger, yule WordPress, mwingine Medium. Nina simu janja na kompyuta mpakato ya zamani. Sipendi kulipa chochote kabla sijajua kama kazi yenyewe nitaiweza. Nianzie wapi?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kwa hali uliyoieleza, anzia Blogger. Nimelitaja jina mapema makusudi, kwa sababu wanaoshauri juu ya jambo hili wana tabia ya kuorodhesha majukwaa kumi na sifa zake, kisha wakamwacha muulizaji pale pale walipomkuta.

Blogger ni jukwaa kongwe. Lilianzishwa mwaka 1999 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Pyra Labs, likanunuliwa na Google mwaka 2003. Ukiwa na akaunti ya Gmail, na karibu kila mwenye simu ya Android anayo hata kama haandikiani na mtu kwayo, huhitaji kujisajili upya. Unaingia blogger.com kwa kivinjari cha kawaida, unabonyeza kitufe cha kufungua blogu mpya, unaulizwa jina la blogu na anwani yake. Jina unaweza kulibadilisha siku yoyote, kwa hiyo lisikunyime usingizi. Anwani, ambayo itaishia na blogspot.com, ndiyo inayohitaji utulivu, kwa kuwa ukishaisambaza kwa watu kuibadilisha ni kuwapoteza. Chagua anwani fupi, isiyo na tarakimu wala vistari, ambayo mtu akitajiwa kwa simu ataiandika bila kuuliza mara mbili. Ukiambiwa kwamba imekwisha kuchukuliwa na mtu mwingine, usibandike 123 mwishoni. Ongeza neno lenye maana, hasa la mahali.

Ukishapita hapo, unakutana na ukurasa mweupe: juu nafasi ya kichwa, chini yake nafasi ya maandishi, pembeni kitufe cha kuchapisha na sehemu ya kuweka lebo. Usizipuuze lebo. Mtu anayeandika habari za mahali kwa miaka hujikuta na makala nyingi zisizofuatana, na msomaji aliyekuja kwa ajili ya mkonge hana haja ya kupitia habari za jahazi na misikiti ili aufikie. Ukianza tangu makala ya kwanza na lebo chache zisizobadilika, tuseme mkonge, Pangani, shule, wazee, blogu itajipanga yenyewe, na orodha ya miezi na miaka inayojitengeneza pembeni itamsaidia anayetaka kukusoma kwa mfululizo.

Wajukuu wako hawajakosea kuyataja majina mengine. WordPress, programu iliyotolewa kwa mara ya kwanza Mei 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ina uwezo mkubwa kuliko Blogger, na huduma yake ya WordPress.com ina mpango wa bure. Kinachonifanya nisite kwako ni mambo mawili. Kwanza, tangu Desemba 2018 sehemu yake ya kuandikia hugawa makala katika vipande, kila aya kipande chake, kila picha kipande chake. Ni mpangilio wenye manufaa kwa anayesanifu kurasa, lakini aliyezoea daftari huuona kama unamkatiza kauli. Pili, mpango huo wa bure huweka matangazo kwenye kurasa zako, nawe hupati senti, ilhali Blogger haiweki tangazo lolote mpaka mwenye blogu aombe.

Medium nayo ilianzishwa mwaka 2012 na Evan Williams, ambaye ni mmoja wa waasisi wa Blogger na wa Twitter pia. Mtu mmoja ametuletea vyote vitatu. Ni mahali pazuri pa kusomea na kuandikia. Hata hivyo makala yako hukaa katikati ya makala za wengine, kwa sura ile ile ya kila mtu, na baadhi ya wasomaji hukutana na ombi la kujisajili kabla hawajamaliza. Kwa hoja moja nzito ya mara moja, inafaa. Kwa hazina ya madaftari yanayohusu sehemu moja ya pwani, unahitaji mahali panapoweza kuitwa pako.

Sasa niseme upande wa pili, maana Blogger ina kasoro zake. Google haiishughulikii kwa bidii iliyokuwa nayo zamani: kile kisanduku kilichowawezesha wasomaji kupokea makala mpya kwa barua pepe kiliondolewa mwaka 2021, na hakijarudishwa. Tena hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba jukwaa lolote litadumu. Posterous, lililokuwa maarufu kwa wepesi wake, lilifungwa tarehe 30 Aprili 2013, mwaka mmoja hivi baada ya kununuliwa na Twitter. Typepad, lililokuwapo tangu 2003 na lenye wateja waliokuwa wakilipa, lilifungwa tarehe 30 Septemba 2025, na wenye blogu walipewa takriban mwezi mmoja tu wa kuondoa vitu vyao.

Kwa sababu hiyo kipimo ninachokitanguliza mbele ya urembo, mbele ya umaarufu na hata mbele ya bei ni hiki: siku nikitaka kuondoka, naondoka na nini? Blogger inakipita kipimo hicho vizuri. Katika mipangilio mna sehemu ya kuhifadhi nakala, ambapo unapakua faili moja lenye machapisho yako yote pamoja na maoni ya wasomaji, na WordPress ina zana ya kulisoma faili hilo na kuyapanga upya yote kwenye nyumba mpya. Ila picha zenyewe hazimo ndani ya faili. Mna anwani zake tu. Kwa hiyo picha zako za asili, hasa zile za zamani ulizopiga upya kwa simu kutoka kwenye albamu, zihifadhi kando kwenye kompyuta na kwenye diski ndogo ya ziada. Ningeshauri ujaribu kupakua nakala ukiwa na makala tatu au nne tu, ili njia ya kutokea uijue kabla hujaihitaji.

Jambo la mwisho kwako, Mwalimu, linahusu akaunti yenyewe. Google ina kanuni ya kufuta akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka 2, na laini ya simu isiyotumika hufungwa, namba yake ikaweza kupewa mtu mwingine. Muingize mjukuu unayemwamini kama msimamizi wa pili wa blogu, akitumia akaunti yake mwenyewe, Blogger inaruhusu. Asikariri nenosiri lako, awe na ufunguo wake. Na madaftari, tafadhali, yasitupwe.

SWALI: Naishi Likoni, Mombasa, na ninaandika habari za mashindano ya soka ya mitaani. Rafiki yangu anasema WordPress ni ya bure, mwingine ananiambia amelipia WordPress yake maelfu ya shilingi. Nani kati yao anasema kweli?

JIBU: Wote wawili, kaka. Jina ni moja lakini vitu ni viwili. WordPress.com ni huduma inayoendeshwa na kampuni ya Automattic tangu mwaka 2005: unajisajili, unapewa nafasi na anwani, kila kitu kinatunzwa na wao. Mpango wao wa bure una hifadhi ya GB 1, anwani inayoishia na wordpress.com, na matangazo niliyokwisha kuyataja. WordPress.org, kwa upande wake, ni mahali pa kupakua programu yenyewe, ambayo ni ya bure kweli kwa leseni huria. Lakini programu haikai hewani, na hivyo wewe mwenyewe unakodi nafasi kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni fulani inayohifadhi tovuti, unanunua jina la kikoa, yaani anwani yako mwenyewe ya mtandaoni, unaisimika programu na kuitunza. Rafiki yako wa pili analipia seva na jina, hailipii WordPress.

Hii ya pili ni sawa na kujenga kwenye kiwanja badala ya kupanga chumba: unatoboa dirisha unapotaka, na paa likivuja hakuna mwenye nyumba wa kumpigia simu. Programu inatakiwa kusasishwa kila mara. Programu-jalizi, zile nyongeza ndogo zinazoleta fomu, matunzio ya picha, matokeo ya mechi na kadhalika, huandikwa na watu mbalimbali, na nyingine huachwa bila mtu wa kuzirekebisha. Wavamizi wa mtandaoni hupenda sana kupitia kwenye hizo zilizoachwa. Kazi ya nakala ya akiba ni yako. Mwaka ukiisha bila kulipia seva, blogu inazimika, na ukichelewa sana inafutwa.

Kwa mtu ambaye bado hajui kama ataandika mfululizo kwa miezi sita, mzigo huo hauna maana. Mechi za mtaani zinachezwa Jumamosi na Jumapili, na wanaokusoma wanataka matokeo Jumapili usiku, si sura mpya ya ukurasa. Anza na ya bure, Blogger au WordPress.com, ile utakayoona ni nyepesi kwenye simu yako. Namna nzuri ya kujua ni kuchukua ripoti moja ya mechi yenye picha mbili na kuichapisha kote kuwili kwa bando lako mwenyewe, ukiwa kando ya uwanja, halafu uangalie ni wapi ulikwama.

Kuna hali moja tu ambayo ningekuambia uende moja kwa moja kwenye seva ya kukodi: kama unataka kujifunza WordPress kama kazi. Programu hiyo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, na anayeijua kwa undani hapati shida ya kupata biashara, shule au hoteli inayohitaji mtu wa kuitunzia tovuti. Hapo gharama ya mwaka wa kwanza ihesabu kama karo.

SWALI: Kwa nini nihangaike na blogu wakati Facebook nina marafiki wengi na nikiandika wanasoma papo hapo? Msomaji wa Mwanza.

JIBU: Kama unachoandika ni cha leo, na kesho hakina kazi, baki Facebook, si lazima kila mwandishi awe na blogu. Tatizo linaanza pale unapoandika kitu ambacho mtu atakihitaji baada ya mwaka, kama maelekezo ya kufuga samaki kwenye vizimba. Andiko la Facebook huzama chini ya mengine, hata mwenyewe ukalitafuta kwa taabu, na anayeuliza Google kuhusu vizimba ziwani si rahisi aletwe kwenye ukurasa wako binafsi. Weka makala kwenye blogu, kisha Facebook na WhatsApp upeleke aya ya kwanza pamoja na kiungo. Wasomaji wako hawatakulaumu kwa kubonyeza mara moja, ilimradi aya hiyo iwe imewapa sababu.

SWALI: Nilimlipa kijana mmoja hapa Dar es Salaam anitengenezee blogu ya ushonaji, pamoja na jina langu mwenyewe badala ya lile la blogspot. Kazi ilikuwa nzuri. Sasa mwaka umeisha, simu yake haipokelewi, blogu haifunguki, na nikiuliza naambiwa jina limesajiliwa kwa jina lake. Nifanye nini, na wengine wajikinge vipi?

JIBU: Pole sana, dada. Barua za namna hii zinatufikia nyingi kuliko unavyofikiri, na mara nyingi si wizi uliopangwa: fundi anaona ni wepesi kwake kusajili majina ya wateja wote kwenye akaunti yake moja, anayalipia kwa pamoja, kisha anapata kazi nyingine au anaishiwa na fedha, na wateja wake wote wanazimika naye.

Tuanze na la kuokoa. Tafuta kumbukumbu za umiliki wa jina lako, zile ziitwazo WHOIS, ambazo hutafutwa bure mtandaoni. Huenda usioneshwe jina la mmiliki, lakini utaona mambo mawili muhimu: msajili, yaani kampuni ambako jina lilinunuliwa, na tarehe ya kwisha muda. Mwandikie msajili huyo ukiambatisha risiti ya malipo uliyompa fundi, ujumbe mliotumiana na ushahidi kwamba blogu ni yako. Hana wajibu wa kukukabidhi jina ambalo halikusajiliwa kwako, ila anaweza kumtafuta mwenye akaunti kwa njia ambazo wewe huna. Fundi akipatikana, usiridhike na ahadi ya kulilipia tena. Mwombe alihamishie kwenye akaunti utakayoifungua wewe, au akupe ile namba ya siri ya uhamisho ambayo kila jina linayo. Asipopatikana, jina likaisha muda kabisa na kurudi sokoni, utaweza kulinunua upya, ingawa ni lazima uwe macho, kwa kuwa kuna watu wanaovizia majina ya namna hiyo.

Wakati huo huo angalia blogu yenyewe iko wapi. Kama ilikuwa Blogger na ilifunguliwa kwa Gmail yako, haijapotea: lililozimika ni jina lililobandikwa juu yake. Ingia kwenye mipangilio, ondoa jina hilo, na blogu itafunguka tena kwa anwani yake ya zamani ya blogspot. Kama ilifunguliwa kwa Gmail yake, kazi ni ngumu zaidi, na hapo unamhitaji yeye.

Kwa wengine, kinga ni ndogo sana kuliko maradhi. Jina la kikoa, au domeni kama wengi wanavyoliita, linunue wewe, kwa barua pepe yako na namba yako ya simu, hata kama fundi ameketi karibu akikuelekeza. Jina linaloishia na .com kwa kawaida hugharimu kati ya dola 10 na 15 kwa mwaka, na majina ya .co.tz na .co.ke huuzwa na wasajili wa hapa nyumbani ambao wengi hupokea malipo kwa simu. Usilipie miaka mingi kwa mara moja ikiwa bado hujaamua jina, na uwe na subira: jina la .com haliwezi kuhamishwa kwenda kwa msajili mwingine ndani ya siku 60 za kwanza baada ya kusajiliwa.

Kuliunganisha na Blogger si kazi ya fundi wa hali ya juu. Unaandika jina lako kwenye mipangilio ya Blogger, nayo inakuonesha mistari miwili ya kunakili kwenye akaunti ya msajili, sehemu ya DNS, yaani ile inayoelekeza jina kwenye tovuti yake, chini ya aina iitwayo CNAME. Mstari wa kwanza una neno www na unaelekezwa ghs.google.com, wa pili ni msururu wa herufi na tarakimu uliotengenezwa kwa ajili yako peke yako, ili kuthibitisha kwamba jina ni lako. Nakili kwa kunakili hasa, usiandike kwa macho, kwani herufi moja ikikosewa hakuna kitakachofanya kazi na hutaambiwa kosa liko wapi. Kisha subiri, huchukua kuanzia dakika chache hadi siku moja au mbili. Blogger haitozi chochote kwa kuunganisha jina lako, ilhali WordPress.com hairuhusu jambo hilo katika mpango wake wa bure.

Nami nalipenda jina la kujinunulia kwa sababu inayorudi kwenye kile kipimo nilichompa Mwalimu wa Tanga. Aliye na jina lake anaweza kuhama kutoka Blogger kwenda WordPress, au kwingine kokote, na wasomaji wakaendelea kubonyeza jina lile lile.

SWALI: Nimesikia kuna waandishi wanaolipwa na wasomaji wao kupitia Substack. Ninaandika masuala ya malezi, niko Nairobi. Je, nianze huko moja kwa moja? Na yale matangazo ya Google yanalipa?

JIBU: Substack, iliyoanzishwa mwaka 2017, ni blogu na barua pepe kwa pamoja: kila unachochapisha kinakwenda kwenye visanduku vya waliojiandikisha. Kuanza ni bure, kampuni huchukua asilimia 10 ya michango ya wanaolipia, na orodha ya barua pepe za wasomaji wako unaweza kuipakua na kuondoka nayo, jambo linalonifanya niiheshimu. Kizuizi kwako kiko kwenye malipo. Fedha zake hupitia Stripe, kampuni ya kupokea malipo mtandaoni, na Kenya na Tanzania hazimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kufungulia akaunti ya kawaida ya kupokea malipo ya Stripe. Hakikisha mwenyewe orodha hiyo kabla ya kuamua, kwa sababu hubadilika. Hata hivyo usijenge mpango wako wa mapato juu yake leo.

Hiyo haina maana kwamba Substack haikufai. Mzazi anayekusoma saa nne usiku watoto wakishalala huenda akaipenda barua kuliko ukurasa wa kutafuta. Itumie bila malipo, jenga orodha ya wasomaji, na atakayetaka kukuchangia mwoneshe njia ya M-Pesa iliyo wazi.

Kuhusu matangazo ya Google, yaani AdSense, kiwango cha chini cha kulipwa ni dola 100, na blogu changa yenye wasomaji mia moja au mia mbili kwa siku hukifikia kwa kujikokota sana. Nimeona blogu nzuri zikiharibiwa na matangazo yaliyofunika aya ya kwanza, kwa mapato ambayo yasingelipia hata bando la mwezi. Kwa mwandishi wa malezi, mwaliko mmoja wa kuzungumza na wazazi wa shule fulani, uliokuja kwa sababu mwalimu mkuu alisoma blogu yako, utakuwa na thamani kuliko hayo.

SWALI: Niko Dodoma. Nataka kuandika hadithi fupi na mashairi. Naogopa habari ya leseni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Je, jukwaa la nje ya nchi linanitoa kwenye sheria hiyo?

JIBU: Halikutoi. Sheria humfuata anayechapisha, si mahali seva ilipo, kwa hiyo Blogger na WordPress havina tofauti katika hili. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni zilizotolewa mwaka 2018 chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ziliwataka wenye blogu kuomba leseni kutoka TCRA kwa ada iliyofika shilingi milioni moja kwa mwaka; ilikuwa Juni mwaka huo ambapo hata JamiiForums ilisimama kwa muda kwa sababu ya suala hilo. Kanuni mpya zilitoka mwaka 2020, zikafanyiwa marekebisho mwaka 2022, na makundi ya leseni pamoja na ada zake vimekuwa vikibadilika.

Kwa hiyo usitegemee alichokuambia jirani aliyeomba miaka mitano iliyopita, wala usitegemee safu hii kama wakili wako. Andika barua au barua pepe kwa TCRA, ueleze kwa sentensi mbili unachotaka kuchapisha, yaani hadithi na mashairi ya kubuni yasiyo habari wala uchambuzi wa matukio, na uulize kundi lako na kama linahitaji leseni. Jibu la maandishi lihifadhi. Wakati unasubiri, blogu ya Blogger inaweza kufungwa kwa mipangilio ili isomwe na watu uliowaalika tu. Itumie kwa kujizoeza.

Wasomaji wa Kenya waliouliza jambo linalofanana na hili: kwenu hakuna leseni ya blogu ya namna hiyo, lakini Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 iliweka adhabu kwa kuchapisha habari za uongo, na mwenye blogu haepuki kwa kusema alinakili kwa mwenzake.

SWALI: Nimefungua WordPress.com ya bure, nimeweka safari zangu za Kigoma na Gombe, na tayari naambiwa nafasi inakaribia kujaa. Nimeandika makala chache tu! Lazima nilipie?

JIBU: Siyo makala zilizojaza, ni picha. Maandishi ya kurasa mia moja hayafikii uzito wa picha moja ya simu ya siku hizi, ambayo kwa kawaida ina MB 3 hadi 5. Chukulia MB 4: nafasi yako ya GB 1 inabeba picha 250 hivi, na mtu aliyekwenda kutazama sokwe mtu wa Gombe hurudi na zaidi ya hizo kwa siku moja.

Kabla ya kupakia, punguza upana wa picha uwe pikseli 1200. Programu ya kuhariri picha iliyomo kwenye simu nyingi inaweza, na isipoweza zipo za bure. Picha itashuka hadi kama KB 200 na kwenye kioo cha simu msomaji hataona tofauti, ila ataona kwamba ukurasa wako unafunguka haraka na haumalizi bando lake. Kwa uzito huo nafasi ile ile inabeba picha 5,000. Zile kubwa ulizokwisha kuziweka zifute kwenye maktaba ya picha ya blogu, si kwenye makala peke yake, kwa kuwa ukiiondoa picha ndani ya makala inabaki maktabani ikiendelea kula nafasi. Anza na zile ulizopakia mara mbili bila kujua.